Safari ndefu ya pikipiki: tufike tukiwa na nguvu za kuhudumu

Wengi wetu tunaohudumu Kivu Kusini tunaijua njia ya Bukavu kwenda Uvira. Unaondoka mlimani kwenye baridi, unapita Nyangezi, unashuka mteremko wa Ngomo mpaka Kamanyola, kisha unaingia bonde la Ruzizi lenye joto kali.

Siku moja tuliondoka asubuhi ili tuanze semina mchana uleule. Tulifika, lakini mwenzetu aliyeendesha alitetemeka mikono hata hakuweza kufungua Biblia. Njiani alikuwa amekaribia kutuangusha mara mbili. Zamani tulidhani kuvumilia maumivu ni bidii. Siku ile tulielewa kwamba mwili uliochoka hukosea, na kosa la barabarani linaua.

Kabla ya kuondoka, angalia upepo wa magurudumu, breki, mafuta ya mota na cheni. Cheni isikazwe mno. Icheze kidogo, hasa mkiwa wawili. Mizigo mizito ikae chini, karibu na kiti. Ikiwekwa nyuma kabisa, gurudumu la mbele linakuwa jepesi na usukani hautii. Begi usilibebe mgongoni, lifunge kwenye pikipiki. Juu ya kiti funga vizuri blanketi lililokunjwa.

Kwa mavazi, vaa nguo mbili tatu nyepesi kuliko koti moja zito, ili uvue moja moja kadiri unavyoshuka bondeni. Koti la mvua likae juu ya mizigo yote, lisitafutwe mvua ikiwa imeshafika. Kofia ngumu si ya dereva peke yake. Mama anayepakiwa nyuma naye ana kichwa.

Njiani, usikaze mikono. Bana tangi kwa magoti na ulegeze viwiko. Penye mashimo, inuka kidogo ukisimama kwenye vikanyagio, ili miguu ipokee mshtuko badala ya mgongo. Mteremkoni usizime mota kwa kuokoa esansi. Weka gia ya chini, mota yenyewe iizuie pikipiki, kwa maana breki inayokanyagwa muda mrefu hupata moto na kuishiwa nguvu.

Kila baada ya saa moja simama dakika 10. Shuka, tembea, kunywa maji kabla hujasikia kiu. Macho yakiwa mazito, usishindane nayo. Tafuta kivuli ulale kidogo. Kwetu giza huingia karibu saa 12 jioni mwaka mzima, basi panga kufika saa 10. Na kabla ya kuondoka, piga simu kwa ndugu walio mbele uulize hali ya njia na ya usalama.

Neno la mwisho ni kwa makanisa yanayopokea wageni. Eliya alipochoka jangwani, alipewa kwanza usingizi na chakula, ndipo akaendelea na safari. Tusimpandishe mhubiri madhabahuni angali na vumbi la njia. Tumpe maji ya kuoga, chakula, na ikiwezekana usiku mmoja wa kupumzika. Motari aliyemleta naye asisahauliwe nje kwenye pikipiki yake: apewe chakula na mahali pa kulala. Ndiye atakayemrudisha mtumishi kwa watoto wake.