Maji ya Kisima Chenu Yalipimwa: Majibu Yako Wapi?



Mwezi huu naomba tuzungumze juu ya karatasi. Najua ukurasa huu ni wa afya, na wengi wenu mlitegemea niandike juu ya malaria au chanjo. Lakini ipo karatasi moja ambayo, kama kina mama wangeonyeshwa mapema, watoto wengi wa huku kwetu kaskazini wasingekuwa na meno ya rangi ya chai.

Siku moja alikuja zahanati msichana wa kidato cha pili pamoja na mama yake. Hakuwa na homa wala tumbo. Alizungumza huku ameziba mdomo kwa kiganja, na mama akamsemea: "Sista, huyu hataki kupiga mswaki. Nimemchapa, nimechoka." Nilimwomba yule binti aondoe mkono. Meno ya mbele yalikuwa na mistari ya kahawia, mawili yamemeguka ukingoni, na ufizi umechubuka na kuvuja damu. Nilipomuuliza anasafisha kwa nini, alisema anatumia mchanga na mkaa kila asubuhi tangu darasa la tano. Mtoto aliyekuwa akichapwa kwa uchafu ndiye aliyekuwa akisafisha meno kuliko wote nyumbani kwao.

Rangi ile si uchafu. Inatokana na madini yaitwayo floraidi yaliyomo ndani ya maji. Floraidi kidogo huyasaidia meno yasioze, ndiyo maana huwekwa katika dawa ya meno. Ikizidi, huharibu jino wakati bado linajengwa ndani ya taya, yaani tangu mtoto azaliwe hadi afikishe kama miaka 8. Jino likishaota limeharibika, hakuna mswaki utakaolirudisha. Na mtu akiendelea kunywa maji yenye floraidi nyingi kwa miaka mingi, madini hujilundika katika mifupa. Mgongo unakakamaa, viungo vinauma, na watoto wengine miguu yao hupinda wakawa na matege. Mifupa iliyofikia hapo haina dawa ya kuinyoosha. Tunachoweza ni kuzuia.

Kwa nini huku kwetu? Kwa sababu ya milima iliyowahi kutoa moto. Maji yanapopita katika miamba na majivu ya volkano hubeba floraidi. Mito inayoteremka Mlima Meru kama Engare Nanyuki na Maji ya Chai inajulikana kwa jambo hilo, na maziwa ya Momella yana floraidi nyingi ajabu. Tatizo halikomei Arusha. Lipo Kilimanjaro na Manyara, lipo Singida, Shinyanga, Mwanza na Mara. Wenzetu wa Kenya katika Bonde la Ufa nao wanalo, na Ethiopia vilevile.

Shida yake kubwa ni kwamba huioni. Maji ni meupe, hayanuki, na ladha yake mara nyingi ni nzuri. Ukiyachemsha floraidi haitoki. Maji yakipungua sufuriani, ile floraidi inabaki palepale katika maji machache zaidi. Na visima viwili vinavyotazamana vinaweza kutofautiana sana, kimoja salama na kingine cha hatari. Hakuna njia ya kujua ila kupima na kusoma majibu.

Sasa nisimulie jambo ambalo si la kujisifu. Katika hospitali moja niliyofanya kazi nikiwa bado kijana, tulikuwa na kisima kirefu kilichochimbwa miaka ya 1980. Kila wiki nilisimama mbele ya kina mama kliniki nikawafundisha: chemsheni maji, mpeni mtoto uji. Nilifundisha hivyo kwa miaka. Mwaka 2006 pampu iliharibika, na fundi akaomba faili la kisima ili ajue urefu wa mabomba. Lilipatikana stoo, chini ya vitabu vya zamani vya hesabu. Ndani yake mlikuwa na karatasi ya maabara ya serikali, yenye muhuri na tarehe. Floraidi: miligramu 6 kwa lita. Na chini yake maneno kwamba maji yanafaa.

Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5 kwa lita. Ilikuwaje basi 6 ikaitwa inafaa? Mwaka 1974 Tanzania ilijiwekea kiwango cha muda kwa maji ya vijijini, kisizidi miligramu 8, kwa kuwa sehemu nyingi hazikuwa na maji mengine ya kunywa. Wakati karatasi ile inaandikwa, hicho ndicho kilichotumika. Baadaye kilishushwa hadi 4, na sasa ni 1.5. Kwa hiyo hakuna aliyetudanganya. Maji yalipimwa, majibu yakaandikwa, yakafungiwa stoo, na sisi wauguzi tukaendelea kuyakorogea uji watoto. Nawakumbuka baadhi ya watoto wale. Wengine leo ni wazazi.

Je, karatasi kama ile ni siri? Hapana. Mwaka 1992 mataifa yalikutana Rio de Janeiro, Brazil, yakakubaliana kwamba raia apewe nafasi ya kupata habari za mazingira zilizo mikononi mwa serikali. Tanzania iliingiza jambo hilo katika Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kifungu cha 172 kinampa kila mtu uhuru wa kupata taarifa zilizo wazi kwa umma juu ya hali ya mazingira na hatari zinazoyakabili. Kisha ikaja Sheria ya Haki ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016, inayosema mwananchi akiomba taarifa katika ofisi ya umma, ajibiwe ndani ya siku 30. Asiyejua kuandika anaweza kueleza kwa mdomo, na ofisa akamwandikia.

Serikali pia ilijaribu kutoa taarifa bila kungoja kuombwa. Mwaka 2011 nchi yetu ilijiunga na Mpango wa Uendeshaji wa Shughuli za Serikali kwa Uwazi. Katika miaka ileile watu wa Wizara ya Maji walizunguka vijijini kuandika kila bomba na kila kisima cha umma, zaidi ya vituo 70,000, na orodha ikawekwa katika mtandao wa kompyuta aisome anayetaka. Septemba 2015 mkutano wa Afrika juu ya takwimu huria ulifanyika Dar es Salaam. Baadaye mwendo ulilegea. Mwaka 2017 Tanzania ilijitoa katika mpango ule, na mwaka 2018 Sheria ya Takwimu ilibanwa kiasi kwamba watafiti waliogopa hata kutangaza walichopima wenyewe. Mwaka 2019 ikalegezwa tena. Siingii katika siasa. Mimi ni muuguzi, na ninachotazama ni kama yule mama wa kidato cha pili alifikiwa.

Hakufikiwa, hata katika ile miaka mizuri. Kijana mmoja wa idara ya maendeleo ya jimbo alinifungulia ile orodha ya visima kwenye kompyuta, nami nikafurahi sana kuona vijiji ninavyovijua, jina kwa jina. Palikuwa na sehemu ya ubora wa maji. Nikavaa miwani. Sehemu ile haikuwa na tarakimu. Ilikuwa na neno tu: maji laini, maji ya chumvi, maji ya rangi, floraidi, haijulikani. Sehemu kubwa mno ya vituo iliandikwa "laini". Vilivyoandikwa "floraidi" katika nchi nzima vilikuwa mamia machache tu. Yeyote aliyekaa siku moja katika kliniki ya meno Arusha angejua hapo kuna kasoro. Aliyeandika alikuwa amesimama kisimani, akaonja au akauliza wenyeji, na wenyeji huwezi kuwalaumu kwa kutoionja floraidi.

Kazi ile ilikuwa njema, na bomba lililokufa lilionekana kuwa limekufa. Lakini kwa upande wa afya, orodha iliyofunguliwa kwa kila mtu haikuwa na kile tulichokihitaji. Tarakimu zilibaki katika maabara na katika mafaili. Huko ndiko inabidi tuzifuate.

Katika kigango cha yule binti, kina mama wa WAWATA walifanya hivyo. Waliandika barua kwa Meneja wa RUWASA wa wilaya, nakala kwa mtendaji wa kijiji. Mara ya kwanza waliniletea niisome, nikakuta wameuliza: "Je, maji yetu ni salama?" Niliwaambia waibadilishe. Ukiuliza hivyo utajibiwa ndiyo, na barua imekwisha. Wakaandika upya, wakaomba mambo manne kwa kila kisima: kilipimwa tarehe gani, kilipimwa na maabara gani, floraidi ni miligramu ngapi kwa lita, na kitapimwa tena lini. Wakataja sheria ya 2016. Wakapeleka kwa mkono, wakagongewa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yao. Huo muhuri msiusahau, kwa sababu siku 30 zinahesabiwa kutoka hapo.

Majibu yalikuja kabla ya siku hizo kwisha, na ofisa aliyeyaleta alikuwa mwungwana kabisa. Alisema hajawahi kuombwa. Kisima cha karibu na shule, ambacho watoto wote hunywa, kilizidi kiwango mara kadhaa. Kile cha bondeni, mwendo wa nusu saa kwa mguu, kilikuwa chini ya 1.5. Kamati ya maji ilikaa jioni moja na maneno yakawa mengi, maana nusu saa ya kupanda na ndoo kichwani si mchezo, na wanaobeba ni wanawake. Walikubaliana maji ya bondeni yawe ya kunywa na kupikia tu, ya shuleni yawe ya kufulia, kuoga na kunyweshea bustani. Baadhi ya waume wenye baiskeli wamepewa zamu. Wengine bado wanatoroka zamu.

Kama kisima chenu hakina majibu kabisa, maji yanaweza kupimwa katika maabara za ubora wa maji za Wizara ya Maji, Arusha ipo. Ulizeni gharama mapema mchangishane. Chukueni chupa safi ya plastiki ya lita moja, si ya kioo, isuuzeni mara tatu kwa maji yaleyale ya kisima, ijazeni, muandike juu yake jina la kisima na tarehe. Kwa kisima kirefu cha zamani, taarifa za uchimbaji zinaweza kupatikana pia katika ofisi za bonde. Kwa Bonde la Pangani ofisi ipo Moshi. Na ninyi mapadre, masista na wakuu wa shule, wengi wenu mna visima vya misioni. Fungueni stoo zenu.

Wakati mnasubiri majibu, wapeni watoto wadogo nafasi ya kwanza. Maziwa ya mama yana floraidi kidogo sana hata kama mama mwenyewe anakunywa maji yenye nyingi, kwa hiyo miezi 6 ya kunyonya bila kitu kingine ni kinga ya meno pia. Baada ya hapo uji wake upikwe kwa maji ya mvua, kwani mvua karibu haina floraidi. Paa la bati, mfereji na pipa lenye mfuniko vinatosha kwa maji ya mtoto mmoja miezi mingi. Maji ya kwanza ya msimu yaacheni yaoshe paa.

Punguzeni magadi katika maharage na makande. Nasema hili nikijua nitachukiwa. Magadi yanaweza kuwa na floraidi nyingi, na vipo vijiji ambavyo maji yake ni mazuri lakini meno ya watoto yamebadilika kwa sababu ya chungu. Loweka maharage usiku kucha, yataiva.

Ipo pia njia ya kuchuja kwa mkaa wa mifupa ya ng'ombe. Kituo cha serikali cha Ngurdoto kimeishughulikia, na Jimbo Katoliki la Nakuru nchini Kenya liliianza kazi hiyo mwishoni mwa miaka ya 1990. Mkaa huo huchomwa katika tanuru kwa moto uliopimwa. Msijaribu kuchoma mifupa jikoni, maji yatanuka na floraidi haitatoka. Na chujio huchoka, kwa hiyo maji yaliyochujwa nayo yapimwe mara kwa mara.

Hayati Papa Fransisko aliandika katika waraka wake Laudato Si' wa mwaka 2015 kwamba kupata maji salama ya kunywa ni haki ya msingi ya binadamu. Kwenye ubao wa kliniki yetu ya mama na mtoto, pembeni ya ratiba ya chanjo, sasa tumebandika orodha ya visima vilivyojibiwa, na tarakimu ya kila kimoja. Kina mama huisoma wakisubiri kupima uzito. Yule binti bado anaziba mdomo akicheka. Mdogo wake ana miaka miwili, na mama yake hupita bondeni kila asubuhi na ndoo ndogo ya mfuniko mwekundu, ambayo hakuna mwingine nyumbani anayeruhusiwa kuigusa.