Urithi wa Klasi na Uongezaji wa Metodi katika Programu ya SageMath

SageMath, programu huria ya hisabati iliyoanzishwa na William Stein mwaka 2005, imeandikwa kwa lugha mbili, Python na Cython. Uwili huo ndio unaoibua suala linalojadiliwa hapa: metodi mpya inapoongezwa wakati programu inaendelea kufanya kazi, ni vitu gani huipata?

Katika Python, klasi huweza kubadilishwa hata baada ya kuundwa. Metodi ikipachikwa kwenye klasi, vitu vyake vyote, vikiwamo vilivyoundwa kabla, huipata papo hapo. Klasi zinazorithi kutoka kwayo huipata pia.

SageMath huutumia unyumbufu huo kwa njia ya kategoria. Metodi zinazofaa kwa kila kundi la kihisabati huandikwa mara moja tu. Kisha muundo unaotangazwa kuwa kundi huundiwa klasi mpya, inayorithi kwanza klasi yake ya asili, halafu kategoria. Mfuatano huo una maana kubwa: mbinu mahususi yenye kasi huitangulia ile ya jumla. Ndiyo maana Permutations(3), ikiulizwa klasi yake, hutoa jina linaloishia na _with_category, ingawa hakuna mtu aliyeiandika klasi hiyo kwa mkono.

Ugumu hujitokeza kwa namba kamili. Klasi yake, Integer, imeandikwa kwa Cython kwa ajili ya kasi, na klasi za namna hiyo hukataa kupachikwa metodi. Anayejaribu hujibiwa kwa TypeError. Kwa hiyo metodi isipoonekana katika klasi, __getattr__ ya klasi mama, Element, huitafuta katika kategoria. Namba 6 hivyo hutumia metodi ambayo, kwa maana kamili ya neno, haikuirithi.

Hata hivyo, njia hiyo haizifikii alama za ukokotoaji. Python inapokutana na alama ya kujumlisha, huitafuta __add__ katika klasi yenyewe bila kupitia __getattr__. Mtafiti atakayeiandika __add__ ndani ya kategoria, akitarajia klasi ya Cython iipate, atasubiri sana. SageMath imeiweka __add__ katika Element, nayo huita _add_, jina lenye mstari mmoja wa chini kila upande. Hiyo ni metodi ya kawaida, na kategoria inaweza kuitoa.