Tela Lijizuie Lenyewe

Anayeshuka Kitonga kwa basi kuelekea Dar es Salaam huunusa mlima kabla hajauona mwisho wake: lainingi za malori yaliyotangulia zinaungua. Abiria humlaumu dereva aliyekanyaga breki mno. Mimi huwa naangalia nyuma ya lori kwanza. Tela lisilojizuia hukiachia kichwa kazi ya wawili, na magurudumu ya kichwa hicho ndiyo yanayofuka moshi.

Sheria ya Usalama Barabarani ya Tanzania ya mwaka 1973 inataka chombo kinachoingia barabarani kiwe kizima, breki zikiwemo, na tela si mzigo tu. Lina hata namba yake ya usajili. Mkataba wa Vienna wa mwaka 1968 unaweka mpaka kwa tarakimu: tela ambalo uzito wake unaoruhusiwa hauzidi kilo 750 laweza kukosa breki. Likizidi hapo, liwe nazo, tena zijifunge zenyewe kiungio kikikatika, isipokuwa matela madogo yasiyozidi kilo 1,500, ambayo yaweza kutumia mnyororo wa akiba. Marekani, ambako wastaafu huvuta gari dogo nyuma ya basi walilolifanya nyumba, kila jimbo lina kiwango chake. Mengi huanza kudai breki kwenye pauni 3,000, karibu kilo 1,360.

Kwetu mvutano ni wa tani. Sheria ya Afrika Mashariki ya udhibiti wa uzito wa magari, ya mwaka 2016, inaruhusu hadi tani 56 kwa lori na tela lake. Tani 56 zikishuka mita 100 za kimo bila kuongeza mwendo, nishati inayopaswa kumezwa ni sawa na uniti 15 za umeme wa Luku. Injini iliyo kwenye gia nzito hubeba sehemu. Kinachobaki kinageuka joto ndani ya madramu. Dramu likichemka linatanuka na kuikimbia lainingi, hivyo breki inahitaji kusukumwa mbali zaidi kuliko ilivyokuwa juu ya mlima. Iliyolegea tangu asubuhi haifiki.

Kati ya kichwa na tela hupita mipira miwili ya upepo. Mwekundu hujaza mtungi wa tela muda wote. Wa pili, mara nyingi wa njano, hupeleka amri ya mguu wa dereva. Mwekundu ukipasuka, tela linapaswa kujifunga papo hapo. Huo ndio usalama wa mfumo huu, na ndiyo kero yake: upepo ukivuja njiani, lori halisogei. Hapo fundi wa kando ya barabara huziba mpira au hufungua breki za tela kwa boliti, na safari inaendelea. Kwenye tambarare ya Usangu hakuna atakayegundua. Mteremko wa Inyala au Iwambi utagundua.

Julai 2018, mkoani Mbeya, lori lililoshindwa breki mteremkoni liliparamia magari ya abiria, na watu wapatao 20 wakafariki. Kila baada ya ajali ya namna hiyo ukaguzi hukazwa kwa wiki kadhaa. Lakini mizani ya Wenda, Iringa, hupima uzito, haipimi breki. Na mkaguzi anayeangalia matairi na taa huku lori limesimama hawezi kujua tela linajizuia kwa nguvu gani.

Dereva anaweza kujua. Lori likiwa na mkono wa breki ya tela peke yake, auvute akienda polepole kwenye tambarare: asipohisi kuvutwa nyuma, asishuke. Lisipokuwa nao, azime injini, akanyage pedali na kushikilia, utingo azunguke tela gurudumu kwa gurudumu, atazame kama kila fimbo ya breki inatoka, na zote zinatoka kwa urefu unaolingana, huku akisikiliza upepo unaovuja.