Kabla magoti hayajachoka

Mwishoni mwa mwaka 1950, vijana watatu waliwasili kwenye vilima vya kusini mwa Burundi wakiwa na kayaki. Nchi ilikuwa bado chini ya Wabelgiji. Wawili kati yao, Jean Laporte na André Davy, walikuwa Wafaransa. Wa tatu alikuwa Mmarekani wa miaka 26 aitwaye John Goddard. Walikuwa wanatafuta mahali ambapo kijito cha Ruvyironza kinaanza. Maji yake huingia Ruvubu, Ruvubu huingia Kagera, Kagera humwaga katika Ziwa Victoria, na kutoka Jinja yanaanza mwendo mrefu wa kwenda Misri. Vijana wale walitaka kuyafuata maji hayo mpaka Bahari ya Mediterania, umbali unaokaribia kilomita 6,700.

Safari ilichukua miezi tisa. Walipinduliwa na viboko, wakaugua malaria, wakapigwa na tufani za mchanga jangwani, na huko Misri wakarushiwa risasi na majambazi wa mtoni. Goddard aliandika habari hizo katika jarida la National Geographic mwaka 1955, na baadaye akazitolea kitabu kizima.

Lakini Mto Nile haukuwa wazo lililomjia akiwa na miaka 26. Aliuandika akiwa na miaka 15. Mwaka 1940, siku ya mvua, nyumbani kwao Los Angeles, aliketi kwenye meza ya jikoni akaanza kuorodhesha mambo yote aliyotaka kuyatimiza maishani. Inasimuliwa kwamba alikuwa amewasikia wazee wa nyumbani wakijutia mambo ambayo hawakuyafanya ujanani, naye hakutaka kuja kuzungumza hivyo. Alipoweka kalamu chini, orodha ilikuwa na malengo 127. La kwanza lilikuwa Mto Nile.

Wengi waliosikia habari za orodha hiyo hukumbuka makubwa tu: kupanda Kilimanjaro, kuruka kwa parachuti, kushuka baharini kwa nyambizi, kuyafikia mataifa yote ya dunia, kwenda mwezini. Anayeisoma yote kwa utulivu hukuta kitu kingine. Kijana yule alitaka pia kupiga taipu maneno 50 kwa dakika. Alitaka kukimbia maili moja kwa dakika tano, kusoma Biblia kuanzia mwanzo hadi mwisho, kujifunza Kifaransa, Kihispania na Kiarabu, kupiga zumari na fidla, kujitengenezea darubini, kuwa skauti wa daraja la juu kabisa. Aliandika kwamba ataoa na kupata watoto. Aliandika hata kwamba ataishi aione karne ya 21, na akaiona, kwa maana alifariki mwaka 2013 akiwa na miaka 88.

Hapo ndipo nguvu ya orodha ile ilipo, na ndipo vijana wengi wa leo wanapoikosea. Mtu huandika Paris, Maldives na Machu Picchu, akaibandika karatasi ukutani au akaiweka kwenye simu, akangoja. Goddard aliandika mambo ya mbali yaliyohitaji mambo ya karibu. Ukitaka kupita Sudan na Misri kwa mtumbwi, Kiarabu kinakufaa. Ukisafiri miezi tisa na Wafaransa wawili, Kifaransa ni cha lazima. Uskauti unafundisha kupiga kambi, kufunga kidonda na kusoma ramani, na mbio za maili moja zinatengeneza mapafu. Alipofika Burundi alikuwa ameshajiandaa kwa miaka kumi, na katikati ya miaka hiyo alikuwa ameshapigana Vita vya Pili vya Dunia. Orodha yake ilifanana zaidi na muhtasari wa masomo kuliko ndoto.

Wala hakuyapata yote. Mwezini hakwenda. Kilele cha Everest hakukifikia. Alitaka pia kuigiza katika filamu ya Tarzan, jambo linaloonyesha jinsi mvulana wa Marekani wa miaka ile alivyoijua Afrika kwa kuitazama sinema. Hilo nalo halikutimia, na hakuna aliyepungukiwa. Kwenye Mto Kongo alilipa gharama nzito zaidi: mwenzake Jack Yowell alizama maji, na Goddard akaendelea na safari peke yake hadi baharini, kwa kuwa wawili hao walikuwa wamepeana ahadi kwamba likitokea la kutokea, atakayebaki atamaliza. Safari za namna hii zina hatari ya kweli, na yeyote anayewahimiza vijana kuzianza anapaswa kulisema hilo kwa sauti.

Msomaji wa Mwanza au Kisumu ana haki ya kuuliza swali jingine. Je, haya si mambo ya wazungu wenye pasipoti nzuri na wakati wa kupoteza? Swali lina uzito. Mwaka 1950 kijana Mmarekani aliweza kushika mtumbwi na kupita katika makoloni manne au matano, wakati kijana wa Burundi mwenyewe, aliyezaliwa jirani na chemchemi ile, alihitaji ruhusa ya mkoloni hata kwa mambo madogo. Haki hiyo haikugawanywa sawa, na hadi leo haijagawanywa sawa.

Hata hivyo historia ya pwani yetu inakataa kwamba safari ya ujana ni desturi ya kuazima. Mwaka 1325 kijana wa miaka 21 aliondoka Tanja, Morocco, peke yake, akawaaga wazazi wake akielekea Makka kuhiji. Huyo ni Ibn Battuta. Hija ilikuwa lengo lake la kwanza, lakini alipolitimiza hakurudi. Mwaka 1331 alifika Mombasa na Kilwa, akausifu mji wa Kilwa kuwa miongoni mwa miji mizuri na iliyojengwa vyema, kisha akaendelea hadi India na China. Alirudi nyumbani baada ya miaka ipatayo 24. Tunachokijua kuhusu Kilwa ya wakati wa Sultani al-Hasan bin Sulaiman, sehemu kubwa tunakipata kwake. Kijana asingeondoka Tanja, tungekuwa na pengo katika historia yetu wenyewe.

Tukija karibu zaidi, usiku wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, Alexander Nyirenda, ofisa kijana wa jeshi mwenye miaka 25, aliweka bendera na Mwenge wa Uhuru kwenye kilele cha Kilimanjaro. Mita 5,895, usiku, kwenye baridi inayogandisha maji ya kunywa. Kila mtoto wa shule Tanzania anaujua Mwenge. Wachache wanakumbuka kwamba aliyeufikisha juu alikuwa rika la wale wanaoambiwa leo kwamba bado ni wadogo.

Na mlima ule umekuwa shule. Wilfred Moshi alianza kwa kubeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, kazi ambayo wanaoifanya huitana wagumu, na kanuni ya hifadhi inaruhusu hadi kilo 20 mgongoni. Kutoka upagazi akawa mwongozaji. Mei 2012 alisimama juu ya Everest, mita 8,849, Mtanzania wa kwanza kufika pale. Miaka tisa baadaye, Mei 2021, Rawan Dakik akafika kilele hicho hicho akiwa na miaka 20 tu. Mkenya James Kagambi alikuwa amefika kilele cha Denali, Alaska, mwaka 1989, akaendelea kufundisha watu kupanda milima kwa miongo mingi, na Everest akaipata Mei 2022 akiwa na miaka 62. Aliyeanza ujanani hakulazimika kumaliza ujanani. Alichokipata ujanani ni ujuzi, na ujuzi ulimngoja.

Sasa fedha. Kibali peke yake cha kupanda Everest upande wa Nepal kilikuwa dola 11,000 kwa mgeni, na mwaka 2025 kikapandishwa hadi dola 15,000, kabla ya nauli, mitungi ya oksijeni na malipo ya Sherpa. Kwa kijana wa kawaida wa Afrika Mashariki hilo ni jambo la wafadhili, si la mshahara. Kusema vinginevyo ni kumdanganya.

Pasipoti nayo ni gharama. Jessica Nabongo, mzaliwa wa Detroit ambaye wazazi wake ni Waganda, alikamilisha nchi zote 195 Oktoba 2019 huko Ushelisheli, akiwa na miaka 35. Alisafiri kwa pasipoti mbili, ya Marekani na ya Uganda, na ameeleza mara nyingi tofauti ya namna anavyopokelewa kwenye kaunta za uhamiaji kulingana na kitabu anachokitoa. Mtanzania au Mkenya mwenye kitabu kimoja anaijua foleni ya ubalozi, barua ya benki, barua ya mwajiri, na jibu linalokuja bila maelezo.

Ndiyo maana orodha ya kijana wa hapa inapaswa kuanza hapa, na hapa hapana umaskini wa mambo ya kuona. Tangu mwaka 2014 raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka mipaka ya nchi hizo tatu kwa kitambulisho cha taifa. Treni ya umeme inatoka Dar es Salaam hadi Dodoma, na kutoka Dodoma barabara ya Babati inapita Kolo, kwenye michoro ya miambani ya Kondoa ambayo iliingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2006. Kilwa Kisiwani iko katika orodha hiyo tangu 1981, na mtu huifikia kwa boti kutoka Kilwa Masoko. Katika milima ya Udzungwa kuna maporomoko ya Sanje, mita 170 za maji yanayoanguka msituni. Ada za hifadhi kwa raia wa Afrika Mashariki ni sehemu ndogo ya zile anazolipa mgeni. Ni vijana wangapi wa Kariakoo wameshapanga safari ya Dubai, na Kondoa hawajaiona?

Njia ya kupata nauli tunayo pia, ila tumeizoesha kazi nyingine. Kamati za harusi hukusanya mamilioni kwa wiki chache. Wanawake mtaani hucheza mchezo kila mwezi, na anayefikiwa na zamu hununua friji au hulipa ada ya mtoto. Hakuna kinachozuia marafiki watano kucheza mchezo wa safari, zamu ya kila mmoja ikawa nauli, malazi na kiingilio cha hifadhi.

Kikwazo kigumu zaidi kiko sebuleni. Mzazi aliyemsomesha mtoto kwa kuuza mbuzi anaposikia kwamba mwanawe ametumia mshahara kupanda mlima, anauliza, na ana haki ya kuuliza, "Unakwenda kufanya nini huko?" Kijana hana budi kumjibu kwa heshima. Dada anayesomeshwa, paa linalovuja, dawa za bibi, haya yanatangulia. Lakini wazazi nao wakumbuke kwamba majukumu hayaishi, na kwamba kijana anayeambiwa kila mwaka asubiri atafika miaka hamsini akiwa bado anasubiri. Tenga kidogo kwa nyumba, tenga kidogo kwa safari, na mwambie baba mapema. Ukirudi na picha za msikiti wa Kilwa na habari za kumsimulia, swali la mwaka unaofuata litakuwa jepesi.

Kwa hiyo kijana unayesoma makala hii, chukua karatasi. Andika makubwa yako yote, hata mwezi kama unautaka. Kisha chini ya kila moja andika lugha utakayojifunza, mazoezi utakayofanya na kiasi utakachoweka kila mwezi. Halafu chagua lile ambalo nauli yake inawezekana kabla ya Desemba, na ukate tiketi.