Fahamu: Sehemu maalumu za kujazia taarifa katika programu za kufuatilia miradi

Sheria ya Madini ya Tanzania ya mwaka 2010, kama ilivyorekebishwa mwaka 2017, inamtaka mwenye leseni ya madini kuandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji kwa jamii na kukubaliana na halmashauri juu yake, hivyo katika maeneo ya migodi kama Geita na Kahama mpango mmoja unaweza kubeba madarasa, zahanati na visima, kazi za idara zisizofanana kabisa. Ili kazi hizo zote zifuatiliwe pamoja, programu ya kufuatilia miradi huruhusu kuongezwa kwa sehemu maalumu, yaani nafasi za kujazia taarifa ambazo mtengenezaji hakuziweka: wahandisi wa majengo huhitaji orodha ya kuchagua hatua, kuanzia msingi, lenta na boma hadi upauaji, ilhali wataalamu wa maji huhitaji kina cha kisima na wingi wa maji kwa saa. Hatari kubwa, ambayo haifai kupuuzwa hata kidogo, ni kila idara kujiundia sehemu yake ya “hali ya mradi”, kwa kuwa boma lisilopauliwa linaweza kuhesabiwa kuwa limekamilika. Kata, gharama, chanzo cha fedha na maana ya kukamilika vinapaswa kuwa vya pamoja. Mengine yaonekane kwa timu husika tu.