UZI: Jeli ya kupikia, ahadi za jukwaani na maswali ya kumuuliza anayeomba kura

1. Hapa Kyumbi, msimu wa siasa ukifika, lazima gari moja lenye spika lisimame pale njia panda ya kwenda Machakos na mtu aahidi "nishati safi kwa kila mama". Safari hii nimesikia ahadi yenye jina: jeli ya spiriti. Ati vijana wataitengeneza hapa hapa na makaa yataisha. Mimi ni mwanafunzi wa sayansi ya siasa. Sitaji mtu wala chama. Nataka tu tujue tunaahidiwa nini.

2. Kwanza, hiyo jeli ni nini? Ni ethanoli, yaani pombe kali ile ile inayotoka kwa molasi au nafaka iliyochachushwa ikakenekwa. Inaongezwa maji kidogo na unga wa selulosi wa kuifanya iwe nzito, halafu dawa chungu ili mtu asiinywe, na mara nyingi rangi. Inakuwa kama jeli ya nywele. Unaiweka kwa kikopo cha jiko, unawasha, unapika.

3. Uzuri wake ni wa kweli. Haina masizi, haikohozi watoto, na ikipinduka haimwagiki mbio kama mafuta taa. Hakuna mtungi wa kulipia mwanzo. Mtu anayeishi chumba kimoja ataelewa haraka kwa nini hilo ni jambo kubwa.

4. Ubaya wake wanasiasa hawausemi. Lita moja ya ethanoli ina nguvu kama asilimia 60 tu ya lita moja ya mafuta taa. Jeli ina maji ndani, kwa hivyo inashuka zaidi. Chai na mayai, sawa. Lakini sisi ni Wakamba bana, tunakula muthokoi na isyo. Hivyo ni vyakula vya masaa. Susu yangu alijaribu jeli wiki moja, akarudi kwa mawe yake matatu. Alisema, "Mwanangu, hii ni ya kupasha, si ya kupika."

5. Na usalama. Mchana moto wa spiriti karibu hauonekani. Shangazi yangu alinunua jeli kwa chupa isiyo na lebo. Jiko likapoa, au yeye akadhani limepoa, akaongeza. Moto ulikuwa bado uko. Mkono wa kulia uliungua mpaka kwenye kiwiko, na miezi miwili hakuweza kufua wala kukanda unga. Kanuni ni moja: HUONGEZI jeli kwa jiko ambalo limetoka kuwaka. Subiri kikopo kipoe kabisa. Hakuna jukwaa nimesikia likisema hivyo.

6. Sasa tuje kwa siasa. "Vijana watatengeneza wenyewe." Sawa, kuchanganya jeli si kazi ngumu. Ngumu ni kupata ethanoli. Kenya imekuwa ikiitoa kwa molasi ya viwanda vya sukari, na kiwanda cha Muhoroni ni cha tangu enzi za wazazi wetu. Muhoroni iko magharibi, kwa miwa. Machakos ni kukavu. Miwa yetu iko wapi?

7. Hapo utajibiwa: "Tuna maembe yanaoza!" Ni kweli yanaoza, na inauma. Lakini tupige hesabu. Nyama ya embe ina sukari kama asilimia 14. Kilo 100 zina sukari kilo 14. Kilo moja ya sukari haiwezi kutoa zaidi ya nusu kilo ya ethanoli, hata ukiwa na mitambo bora. Kwa hali ya kawaida pata lita 7, hivi.

8. Tuseme familia inatumia nusu lita kwa siku. Kilo 100 zimeisha kwa wiki mbili. Mwaka mzima ni tani 2 na nusu za nyama ya embe, bila kokwa na maganda, kwa nyumba MOJA. Na maembe ni ya msimu. Halafu kukeneka kwenyewe kunataka moto. Ukikeneka kwa kuni ili watu waache kuni, umefanya nini?

9. Sheria nayo. Ethanoli haiuliziwi leseni kwa sababu ya ukali wa serikali tu. Mwezi Mei 2014, watu zaidi ya 80 walikufa katika kaunti kadhaa, zikiwemo Embu, Kitui na Makueni, baada ya kunywa pombe yenye methanoli. Wengine walipofuka. Methanoli na ethanoli kwa macho ni kitu kimoja, ni kama maji tu. Mwanasiasa akisema "waacheni vijana wakeneke", muulize nani atapima.

10. Lakini upande wa pili pia una hoja. Ukizuia sana, jeli inabaki ya kampuni chache na bei inapanda. Ushuru wa ethanoli ya nje unalinda viwanda vya hapa na wakati huo huo unamwumiza mpishi. Si kwamba upande mmoja ni wabaya. Ni kuchagua nani alipe, na hiyo ndiyo siasa.

11. Tusisahau historia ya bei, maana sisi husahau haraka. Septemba 2018, mafuta taa yaliongezwa ushuru wa shilingi 18 kwa lita ili watu wasichanganye na dizeli. Mwaka huo huo ukataji miti ulisimamishwa msituni na Kitui ikazuia makaa kutoka kaunti. Julai 2021 gesi ikapigwa VAT ya asilimia 16, 2022 ikashushwa hadi 8, 2023 ikaondolewa.

12. Soma tena hiyo orodha. Kwa miaka mitano serikali ilimwambia mama aache makaa, aache mafuta taa, aende gesi, halafu ikatoza gesi, halafu ikaacha. Mtu wa gorogoro ya makaa hawezi kubadilisha jiko kila bajeti. Kwa sensa ya 2019, zaidi ya nusu ya kaya nchini zilipika kwa kuni. Sidhani ni ushamba. Ni kwamba kuni hazibadilishwi bei na Bunge.

13. Kuna pia ethanoli ya maji, isiyo jeli. KOKO ilianza kuuza Nairobi mwaka 2019 kupitia mashine kwa maduka ya mtaa, na bei ilishushwa kwa pesa za mikopo ya kaboni. Somo ni hili: bei ikitegemea kaboni, inategemea pia sahihi ya serikali kwenye karatasi. Jiko lako linaamuliwa na ofisi ambayo hujawahi kuiona.

14. Nani ana mamlaka gani? Kwa Katiba, sera ya nishati na ushuru wa bidhaa viko Nairobi. Leseni za vileo ziko kaunti. Sheria ya Nishati ya 2019 inataka kila kaunti iwe na mpango wake wa nishati. Kwa hivyo anayeomba kiti cha kaunti akikuahidi kupunguza kodi ya ethanoli, anakuahidi kitu ambacho si chake kutoa.

15. Maswali ya kubeba mkutanoni:
– Ethanoli itatoka wapi, lita ngapi kwa mwezi?
– Kupika isyo kwa jeli ni shilingi ngapi, ukilinganisha na makaa?
– Nani atapima methanoli, kwa maabara gani?
– Mpango wa nishati wa kaunti uko wapi, tuusome?
– Mtu akiungua, nani anawajibika?

16. Mimi sipingi jeli. Shangazi bado anayo, siku hizi yenye lebo, na anapikia chai asubuhi kabla ya kwenda kazini. Ninachopinga ni kupigiwa makofi kitu ambacho hakijapigiwa hesabu. Wakikuahidi jiko, waulize mafuta yake. Uzi umeisha. Mtumie mzazi wako, yeye ndiye anapika.