Kifaru wa Maboksi

Ukipita tao jioni utacheki maboksi ya friji na tivii yamerundikwa nje ya maduka, yakingoja wasee wa mkokoteni wayabebe yakauzwe kwa kilo. Hapo ndani kuna kifaru. Kifaru mzima, pembe mbili, masikio yamesimama, mrefu kaa meza ya sebuleni. Na kazi yake kubwa inaishia kwa skrini, kabla hujashika kisu.

Programu ni Blender, na haidai ganji yako. 2002 watu wa intaneti walichanga euro 100,000 ndo iachiliwe iwe ya kila mtu, na mpaka leo iko hivyo. Kuna kiongezo chake kinaitwa Export Paper Model, chenye kinafungua mnyama wa kompyuta akuwe vipande bapa vya kuprinti. Wajapani nao wako na Pepakura, inafanya kazi hiyo hiyo kwa Windows. Lapi ya kawaida inatosha kuanza.

Sasa shika hii, juu hapa ndo mafundi wanajulikana. Modeli ya kifaru ukiitoa kwa neti inaweza kuja imeundwa na mapembetatu 20,000. Hakuna mtu anakata hizo. Blender iko na kifaa cha kupunguza, unaiambia ibakishe 300 na inabakisha 300. Lakini mashine haijui kifaru ni nini. Inaeza kula ncha ya pembe na ikuachie mapembetatu ya bure kwa tumbo. Kwa hivyo unaingia mwenyewe, unapanga na mkono: tumbo lipewe machache, mgongo machache, alafu zenye umeokoa uzipeleke kwa mdomo, masikio, ile nundu ya shingo na mikunjo ya bega. Mtu akisimama mita tatu kutoka hapo, hizo ndo zinamwambia huyu ni kifaru na si nguruwe. Mimi naamini kuchagua cha kuacha ndo sanaa yenyewe hapa. Kukata ni bidii tu.

Na ucheki ni kifaru gani umepakua. Modeli kibao za neti ni za kifaru wa Uhindi, mwenye pembe moja na ngozi kaa vyuma vimeunganishwa. Wetu wako na pembe mbili. Kifaru mweusi mdomo wake wa juu umechongoka, wa kuvuta majani kwa vichaka. Mweupe mdomo wake ni mpana na umekatwa bapa, juu yeye anakula nyasi. Hiyo tofauti inashikwa na mapembetatu sita ama saba, ukiyaweka vizuri. Wakaaji wa Nairobi hatuna kisingizio: vifaru weusi wako hapo tu kwa mbuga ya Nairobi, unaona maghorofa ya tao nyuma yao. Endeni mcheki mmoja live kabla mdizaini.

Kuna buda wa Ujerumani, Albrecht Dürer, 1515 alichora kifaru hajawahi kumwona na macho. Huyo mnyama alikuwa ametoka Uhindi akapelekwa Lisbon, na Dürer alipata maelezo na mchoro tu. Mchoro wake ulisambaa Ulaya nzima, na ndani kuna kapembe ka ziada kwa bega, kenye hakuna kifaru anakuwanga nako. Miaka kumi baadaye, 1525, huyo huyo alitoa kitabu cha vipimo akionyesha venye umbo zima linaweza kufunguliwa likuwe kipande bapa, ukate, ukunje, lirudi kuwa zima. Hiyo ndo kitu Blender inakufanyia sai. Na swali lenye lilianzia hapo halijafungwa: kwa maumbo yasiyo na mashimo wala vibonyeo, wanahesabu bado hawajaprove kama kila moja, ukilikata kwa kingo zake tu, linaweza kufunguka kipande kimoja bila pande zake kulaliana.

Kifaru na miguu yake hawezi toka kipande kimoja hivyo rahisi. Utamgawa. Mapembetatu 300 yakifunga umbo lote yanakupa kingo 450. Ukimgawa vipande 40, kingo 260 zitakuwa za kukunja na 190 za kugundisha. Kila kipande unaongeza, unajiongezea mshono mmoja. So usikatekate ovyo, na mishono ificheni ndani ya miguu na chini ya tumbo. Programu inaweka namba moja kwa kingo mbili zenye zinakutana, kwa hivyo usizifute.

Kabla ya boksi, printi mdogo kwa karatasi ngumu za A4 pale saiba ya mtaa. Huyo mdogo atakusho penye shingo imekataa ama sikio limegeuka. Unarudi kwa lapi, unarekebisha.

Alafu sasa kadibodi. Iko na mawimbi ndani, na yanalala upande mmoja. Ukikunja kufuata mawimbi, inakunjika safi. Ukikunja kuyakatiza, inavunjika penye inataka. Geuza vipande vyako juu ya boksi mpaka mikunjo mirefu ilalie mawimbi, hata kama utapoteza nafasi. Chukua Bic imeisha wino, weka rula, piga mstari ukifinyilia polepole, mara mbili. Hapo ndo unakunja.

Kwa skrini ukuta wa mnyama hauna unene. Boksi lako liko na milimita tatu hivi, na mishono 190 ikisukumana milimita tatu kila mahali, kifaru anapinda. Dawa ni kulalisha wembe ukikata kingo za mshono, zikutane zimechongwa, na kushikilia na selotepu ya karatasi kwa ndani. Gundi ikuwe kidogo, juu kadibodi ikinywa maji inajikunja. Anza na pembe na mdomo, penye vidole vinabanwa. Tumbo funga mwisho, mkono uwe na penye unaingilia.

Kwa nini kifaru na si simba? Sudan, dume wa mwisho wa vifaru weupe wa kaskazini, alikufa Ol Pejeta, Laikipia, Machi 2018. Wamebaki wawili dunia nzima, Najin na binti yake Fatu, wote majike, wako hapa Kenya. Watoi wa ploti wengi hawajawahi waona. Ukimaliza kifaru wako, mweke penye watoi wanacheza, waambie hayo majina mawili, na faili la modeli yako mpatie msee mwingine bure.